Maji meupe si ushahidi: jinsi ghuba inavyopimwa afya yake

Mtu akitaka kukuthibitishia kwamba bahari ya kwao ni safi, huyachota maji kwenye bilauri na kuyainua juani uone upande wa pili. Wenye hoteli hufanya vivyo hivyo kwa picha: maji ya buluu mpaka chini, mchanga unaonekana, nyayo za mgeni zinaonekana. Picha haisemi uongo, ila imejibu swali ambalo halikuulizwa. Weupe wa maji unaeleza kiasi cha vumbi na vijimea vinavyoelea saa ile, basi. Maji yamebeba nini kilichoyeyuka ndani yake, yamepitia wapi kabla ya kufika hapo, na chini yake nani yuko hai na nani amekwisha kufa, hayo bilauri haiyajui.

Ghuba ya Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, ni mahali pazuri pa kuyatafuta majibu hayo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, mwendo wa daladala tu kutoka Chwaka, na kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakiingia kwenye maji yale na vikapu vyao vya chupa. Mwaka 2012 matokeo ya kazi hizo yalikusanywa katika kitabu kizima kilichotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ni vijiji vichache vya wavuvi Afrika Mashariki vinavyoweza kusema bahari yao imeandikiwa kitabu.

Kwa umbile, Chwaka ni lagoni. Mbele kuna mwamba unaoivunja nguvu ya bahari kuu, nyuma upande wa kusini kuna mikoko inayokwenda kuungana na msitu wa Jozani. Mto hakuna. Kina cha wastani ni kama mita tatu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yakijaa, ghuba hufunika takriban kilomita za mraba 50. Yakipwa zinabaki kama 20, na kilichokuwa bahari asubuhi kinakuwa uwanja ambao kina mama wanautembea kwa miguu wakitafuta chaza na kombe. Eneo hilo pamoja na Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na tangu 2016 liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi hai za dunia. Wageni wengi huishia kwa kima punju wa msituni. Nyasi za chini ya maji, ambazo ndizo zinazolisha samaki wa vijiji vyote vya hapo, hazina mgeni wala tiketi.

Kwenye bahari inayopanda na kushuka namna hiyo, mpimaji anatakiwa aamue saa ya kupima kabla hata hajaamua apime nini. Maji yakiwa yamejaa, unachokichota ufukweni Chwaka ni maji ya bahari kuu yaliyovuka mwamba saa chache zilizopita. Ukiyapeleka maabara utapata majibu mazuri ya Bahari ya Hindi. Ngoja yakaribie kupwa kabisa, usimame kwenye mkondo unaotoka mikokoni, uchote hapo. Sasa unayo maji yaliyolala ndani, yaliyopita kwenye tope, kwenye mizizi, karibu na vyoo vya watu. Na hata hapo kuna tofauti ya mwezi. Siku za bamvua ghuba husukutuliwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, yale yaliyoko ndani kabisa huenda mbele kidogo yakarudi, yakashinda juani, yakapata joto. Mvuvi wa Marumbi, kijiji cha ghuba hiyohiyo, hana haja ya kufundishwa haya, maana ndiyo kalenda yake ya kazi. Lakini ripoti zinazotoa tarakimu za ubora wa maji zikiwa na tarehe na bila hali ya maji ni nyingi mno, na tarakimu hizo, kwa maoni yangu, hazifai hata kubishaniwa.

Saa ya mchana nayo ina hila yake. Mimea ya baharini hutoa oksijeni jua likiwaka na hutumia oksijeni usiku pamoja na viumbe wengine wote. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi, alasiri utaona mapovu madogo yamegandamana kwenye majani, na kipimo kitaonyesha oksijeni kupita kiasi ambacho maji yangeweza kubeba yakiachwa peke yake. Kiwango hicho, kwa maji ya bahari ya joto la nyuzi 28, ni kama miligramu 6.4 kwa lita. Usiku kiasi cha oksijeni kinashuka, kinashuka, na kinafika chini kabisa kabla jua halijachomoza. Samaki wengi wanaanza kutaabika vibaya kikikaribia miligramu mbili. Kwa hiyo ghuba inaweza kukosa pumzi saa kumi na moja alfajiri, na ofisa anayefika saa nne, amekwisha kunywa chai, akaandika kwenye fomu kwamba hali ni nzuri. Hakudanganya. Amefika wakati mgonjwa amekwisha kuamka na kuvaa.

Namna yenyewe ya kupima oksijeni inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ni kazi ya mikono ambayo haijabadilika sana tangu Lajos Winkler wa Hungaria alipoieleza mwaka 1888. Unachukua chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo kilichosagwa, unaizamisha na kuiacha ijae mpaka imwagike, kwa sababu povu moja la hewa likibaki ndani umekwisha kuharibu kila kitu. Hapo hapo kwenye chombo, bila kungoja ufike nchi kavu, unatia matone ya chumvi ya manganizi, kisha matone ya dawa ya pili yenye iodini na magadi makali, unaifunga na kuipindua mara kadhaa. Ndani ya chupa linatokea wingu. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likibaki jeupe, hakuna, na huhitaji maabara kujua kwamba chini ya mtumbwi wako hakuna samaki anayeweza kuishi. Wingu likishatua unatia tindikali ya salfa, maji yanageuka ya dhahabu, na sasa kinachobaki ni kuhesabu: unadondosha dawa ya tatu tone kwa tone mpaka rangi ififie, unatia wanga kidogo, maji yanakuwa ya buluu nzito, unaendelea kudondosha taratibu huku ukitikisa. Tone moja linaiondoa buluu yote kwa ghafla. Kiasi cha dawa uliyotumia mpaka tone lile ndicho kinachokupa oksijeni. Siku hizi kuna vipima vya elektroniki vinavyoachwa majini na kuandika vyenyewe kila dakika chache, na ni msaada mkubwa kwa hiyo saa kumi na moja ya alfajiri. Lakini kwenye maji ya joto, ute na makombe madogo hukifunika kipima baada ya muda mfupi, kikaanza kutoa namba za kubuni. Mtu wa kukisugua anahitajika daima.

Kipimo kingine cha zamani ni kisahani cha Secchi. Angelo Secchi alikuwa padri na mwanafalaki wa Italia, na mwaka 1865 aliteremsha visahani vyeupe kutoka kwenye meli ya Papa katika Mediterania, akipima kina ambacho kisahani hupotea machoni. Kifaa hicho kinafaa sana kwenye maziwa makubwa na kwenye bahari ya kina kirefu. Chwaka kinachekesha: sehemu nyingi kisahani kitafika chini, kitue juu ya majani, na bado unakiona. Unaandika nini? Wapo wanaoandika kina cha maji kana kwamba ndicho kipimo cha uangavu. Mahali kama hapo ni bora kutega kipima mwanga chini kabisa, kwenye majani yenyewe, kwa sababu jani ndilo linalohitaji mwanga, na hesabu inayotumika sana ni kwamba nyasi za baharini hushindwa kuishi zikipata chini ya takriban asilimia 11 ya mwanga unaoangukia uso wa maji. Nyingine zinahitaji zaidi.

Kwa nini niwe mkali hivi dhidi ya maji meupe? Kwa sababu ya yaliyotokea Mar Menor.

Mar Menor ni lagoni ya kusini-mashariki mwa Hispania, mkoani Murcia, kilomita za mraba 135, kina kisichozidi mita saba, iliyotengwa na Mediterania kwa ulimi wa mchanga wa kilomita 22 uitwao La Manga. Mwaka 1979 ulifunguliwa mfereji wa kuleta maji kutoka mto Tajo mpaka bonde la Segura, na uwanda mkavu wa Cartagena unaopakana na lagoni ukageuka mashamba ya umwagiliaji: saladi, brokoli, matikiti, ya kulisha masoko ya Ulaya. Mbolea ikashuka na maji, juu kwa makorongo na chini kwa maji ya ardhini. Miaka ikapita, kumi, ishirini, thelathini, na maji ya lagoni yakaendelea kuwa meupe. Watalii wakaogelea. Nani angeamini kwamba kuna tatizo?

Naitrojeni na fosforasi zilikuwa zinaingia kweli. Zilikuwa zinaliwa. Mwani wa chini ulizila, vijimea vilizila, na katika miaka ya 1990 yavuyavu wakazaliana kwa mamilioni wakila vile vijimea. Kuchota maji na kupima mbolea iliyomo ilikuwa sawa na kukisia mlo wa nyumba kwa kutazama sahani zilizokwisha kuoshwa. Watalii waliwachukia yavuyavu, kwa hiyo mamlaka zikaagiza wavuliwe kwa nyavu na kutupwa. Yaani waliokuwa wakifanya usafi bila mshahara ndio waliofukuzwa.

Kisha mwaka 2016 uwezo wa kula ukaisha. Ndani ya miezi tu lagoni nzima ikageuka kijani. Wenyeji wakaiita supu ya kijani. Mwanga ukakosa kufika chini, na asilimia kama 85 ya mimea iliyofunika sakafu ya lagoni ikafa. Septemba 2019 mvua za dhoruba zikamwaga maji baridi na udongo kwa wingi. Maji hayo mepesi yakakaa juu ya yale ya chumvi na kuyafunika, chini oksijeni ikaisha. Tarehe 12 Oktoba, upepo ulipoyasukuma maji ya juu, yale mafu ya chini yakapanda ufukweni, na samaki, kamba na mikunga kwa maelfu wakaja kufia kwenye maji ya kifundo cha mguu wakitafuta pumzi. Agosti 2021 wakafa tena kwa tani. Ni hapo ndipo kila mtu alipoleta chupa yake.

Kilichofuata kisheria kimeandikwa sana. Teresa Vicente, profesa wa falsafa ya sheria katika Chuo Kikuu cha Murcia, aliongoza wananchi waliokusanya saini kama 640,000, na Septemba 2022 bunge la Hispania likaipa Mar Menor hadhi ya mtu mbele ya sheria, mfumo wa kwanza wa ikolojia kupata hadhi hiyo Ulaya. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ikaithibitisha sheria hiyo. Mimi naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo naitreti iliyokwisha kuzama kwenye maji ya ardhini ya Cartagena haisomi sheria. Inaendelea kutoka polepole kuelekea lagoni, na itaendelea kwa muda mrefu hata shamba la mwisho likiacha mbolea leo.

Sasa rudi Chwaka. Hatuna brokoli wala mfereji wa Tajo. Bahari huingia na kutoka kwa nguvu ambayo Mar Menor haina, kwa kuwa Mediterania karibu haijui kujaa na kupwa. Huo ni mtaji mkubwa, na anayesema Chwaka iko mbioni kuwa Mar Menor anatia chumvi. Lakini funzo la upimaji ni lilelile: mimea ya chini hula kwanza, na maji hubadilika rangi mwisho. Kwa hiyo ukitaka kujua mapema, katazame nyasi.

Chwaka ina aina kama 11 za nyasi za baharini, karibu zote zinazopatikana katika ukanda huu wa Bahari ya Hindi. Hizi ni mimea kamili, zina mizizi, maua na mbegu. Zisichanganywe na mwani. Ndani yake ndimo wanamoishi tasi na pono na changu wadogo, ndiyo maana madema hutegwa juu ya nyasi na si juu ya mchanga mtupu. Namna ya kuzipima ni ya subira. Katika utaratibu mmoja unaotumika nchi nyingi, unavuta kamba ya mita 50 kutoka sehemu ileile kila mara, kamba tatu sambamba, na kila baada ya mita tano unaweka chini fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita. Unainama. Sehemu gani ya mraba imefunikwa? Ni nyasi za aina gani, na kila aina kwa kiasi gani? Jani refu lina urefu gani? Majani yana ukoga mwingi uliojishika juu yake? Hili la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo linalosema mapema kuliko yote: mbolea ikizidi majini, ukoga na mwani mwembamba hustawi juu ya jani na kulizibia jua kabla maji hayajaonyesha dalili yoyote. Fremu 33 kwa kituo, maji yakiwa yamepwa, jua likiwa mgongoni.

Jani lenyewe pia linaweza kuhojiwa. Naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo, na ile inayotokana na majitaka ya binadamu kwa kawaida ina sehemu kubwa zaidi ya ile nzito. Ukilikausha jani, ukalisaga na kulipitisha kwenye mashine ya kutenganisha uzito huo, unaweza kupata fununu kama nyasi zimelishwa na bahari au na choo. Maji uliyoyachota jana yanakueleza ya jana. Jani limekusanya habari za wiki nyingi.

Hapa lazima nitaje jambo lisilopendeza kusemwa. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na kimewapa kina mama fedha ya mkononi ambayo hawakuwa nayo. Watafiti waliolinganisha sehemu zenye mashamba ya mwani na zisizo nayo ndani ya Ghuba ya Chwaka walikuta nyasi chache zaidi chini ya mashamba, na wanyama wa mchangani wachache pia. Sababu zinaeleweka: kamba zenye mwani zinatia kivuli, vigingi vinapigiliwa, watu wanakanyaga, na wengine hung'oa nyasi ili kusafisha shamba. Siandiki hivi ili mtu aende kuwaondoa kina mama baharini. Wao wenyewe ni wapimaji wazuri kuliko tunavyowapa heshima. Wao ndio walioona kotonii, mwani wenye bei nzuri, ukinyauka na kukatika miaka ambayo maji yalikuwa ya moto mno, wakabaki na spinosamu yenye bei ya chini. Ninachosema ni kwamba nyasi zikipungua kwenye kituo kimoja, majitaka si mshitakiwa wa pekee, na mpimaji asiyeandika kama kuna shamba la mwani jirani ataishia kumlaumu asiyehusika.

Gharama ya kupoteza nyasi imeonekana Marekani. Katika lagoni ya Indian River, Florida, mimea hiyo ilipungua sana baada ya mlipuko mkubwa wa vijimea mwaka 2011. Mwaka 2021 manati, ndugu wa nguva wetu, walikufa kama 1,100 katika jimbo zima, wengi wao kwa njaa. Watu wakawa wanawatupia saladi za dukani.

Tope nalo lina yake ya kusema, na linaanza kusema kwa harufu. Ukichoma bomba la plastiki kwenye tope la mikokoni na kulitoa, utaona juu pana rangi ya kahawia na chini peusi. Mstari kati ya rangi hizo ni mahali oksijeni inapokwisha. Mikokoni harufu ya mayai viza ni ya kawaida, kwa hiyo asiyezoea asikimbilie kutangaza maafa. Kinachotazamwa ni kama ule mstari unapanda mwaka hadi mwaka mpaka weusi unafika juu kabisa.

Kuhusu wanyama, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ambao ningependa kila anayeajiriwa kufanya tathmini ya mazingira pwani ausome. Ulilinganisha mikoko inayopokea majitaka ya mji, ikiwemo ya Mikindani karibu na Mombasa, na mikoko iliyo mbali na miji kama ya Gazi, pamoja na sehemu za Msumbiji. Mtu angetegemea kwamba kwenye majitaka kaa watakufa. Kinyume chake uzito wa kaa ulikuwa mkubwa zaidi huko kwenye uchafu. Chakula kilikuwa kingi. Aliyepungua vibaya ni konokono, hasa yule mkubwa mweusi mwenye gamba refu lililochongoka, anayetambaa kwa makundi kwenye tope. Fikiria sasa mshauri aliyetumwa kuhesabu kaa tu, na akaandika kwamba mikoko ina afya kwa kuwa kaa wamejaa tele. Ukichagua kiumbe mmoja wa kukuwakilishia ghuba nzima, umechagua pia uongo utakaoambiwa.

Upande wa afya za watu, kipimo kinachopendekezwa baharini ni bakteria waitwao enterokoki, wanaoishi matumboni mwetu na wanaostahimili chumvi kuliko ndugu zao wanaopimwa kwenye maji ya kunywa. Maji hupitishwa kwenye chujio jembamba, chujio linawekwa juu ya chakula cha bakteria, linalala kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24, kesho yake unahesabu madoa. Kila doa ni bakteria mmoja aliyezaa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, fukwe za kundi la kwanza ni zile ambazo sampuli 95 kati ya 100 hazivuki enterokoki 40 katika mililita 100. Zikivuka 500 ni kundi la mwisho. Sampuli itoke baharini ikiwa kwenye barafu na ifike maabara siku ileile. Umeme ukikatika usiku, kazi imekwenda na maji.

Ila kwa Chwaka na ndugu zake wa mashariki, Paje na Jambiani na Uroa, mimi ningeanzia nchi kavu. Upande ule wa kisiwa umekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yaliyojaa mapango na nyufa. Mvua ikinyesha haipiti juu, inazama. Na kwenye fukwe nyingi, maji yakipwa, utakuta mahali maji baridi yanabubujika kutoka mchangani: hayo ndiyo yaliyozama huko juu. Hoteli na nyumba nyingi zinategemea mashimo ya vyoo. Shimo lililochimbwa kwenye mawe ya namna ile, lisilojengewa vizuri, halijai. Na mwenye nalo hujisifu kwamba miaka kumi hajaita gari la kunyonya. Kwani yale maji yamekwenda wapi? Bomba dogo lililozamishwa mchangani penye chemchemi hizo, maji yakiwa yamepwa kabisa, lingekupa majibu ya naitreti ambayo chupa mia za katikati ya ghuba hazitakupa, kwa sababu bahari inayachanganya na kuyafifisha dakika chache baada ya kutoka.

Mtu akiniuliza ni vifaa gani vya lazima, sitataja vya bei kubwa. Kipimajoto, kipima chumvi cha kushika mkononi, chupa za Winkler, fremu ya nusu mita, kamba, bomba la kutolea tope. Kamati za wavuvi za vijiji zinaweza kujifunza karibu vyote hivyo, na hali ya maji na mwezi wanaijua tayari. Naitreti na bakteria ziende maabara mjini mara chache kwa mwaka, masika na kiangazi, kusi na kaskazi, sehemu zilezile, hali ileile ya maji.

Shida iko kwenye urefu wa muda. Mar Menor ilichukua zaidi ya miaka thelathini tangu mfereji ufunguliwe mpaka siku maji yalipogeuka. Miradi yetu mingi ya bahari ni ya miaka mitatu, ikiongezewa muda minne. Mradi unakuja na boti, fulana na semina. Unapima kwa bidii, unaandika ripoti, unafunga. Unakuja mwingine na vituo vyake vipya, mita mia tano kutoka vile vya zamani, na mbinu zake, na tarakimu za wale wa kwanza na wa pili haziwezi kuwekwa kwenye jedwali moja. Hivyo ghuba inaweza kupimwa mara nyingi sana bila mtu kujua kama inapanda au inashuka.

Tozo za wageni zipo, na hoteli za pwani ile zinauza kitu kimoja tu, yaani maji yaleyale. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kumlipa kijana mmoja Chwaka, mmoja Michamvi ng'ambo ya ghuba na mmoja Uroa, kazi yao ikiwa kwenda na fremu na chupa kila bamvua na kila maji mafu, na kuandika kwenye daftari ambalo halihamishiwi kwenye kompyuta ya mgeni na kuondoka naye. Mwaka wa kwanza daftari hilo halitakuwa na habari yoyote ya kuandikia gazeti. Wa pili vilevile. Atakayepanga bajeti aamue mapema kama atawalipa mwaka wa sita.